Mtoto mwenye Silver-Russell anaamka na ketoni kila asubuhi (Kigoma): usiku tumpe nini?

MamaTausi_Ujiji aliandika:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada kwa wanaowajua watoto wenye matatizo ya ukuaji.

Binti, miaka 3 na miezi 4, kilo 9.6. Alizaliwa miezi tisa ikiwa imetimia, kilo 1.9. Muhimbili walisema ni sindromu ya Silver-Russell: kichwa kinakua kawaida, mwili mdogo, mguu mmoja umepungua kidogo, na kula ni kwa kubembelezwa. Bado hajaanza homoni ya ukuaji.

Chakula cha usiku ni saa 1 na nusu, saa 2 amelala, chai ni saa 1 asubuhi. Stripu ya mkojo ya asubuhi inasoma 1.5, siku nyingine 4. Sukari ya kidole ni kati ya 3.6 na 4.2. Usiku anatoka jasho mpaka foronya inalowa, asubuhi anaamka na hasira au amezubaa tu.

Maswali yangu:

1. Zahanati wanasema sukari iko sawa kwa hiyo ketoni zisinisumbue. Ni kweli?
2. Nimeshauriwa nimkorogee glukosi ya unga kabla ya kulala. Itafaa?
3. Nasikia kuna wanga wa mahindi unaonywewa bila kupikwa. Hapa tuna sembe, dona na unga wa muhogo. Upi kati ya hizo?
4. Akianza kutapika nianzie wapi, na ni wakati gani nikimbie hospitali ya Maweni?

---

Tabibu_Kasulu alijibu:

Karibu mama Tausi. Nianze na swali la kwanza kwa sababu hayo mengine yote yanategemea hilo.

Mtoto asipokula, mwili hutumia kwanza sukari iliyohifadhiwa kwenye ini. Ikiisha, mwili huanza kuvunja misuli ili kutengeneza sukari, na kuvunja mafuta, na mafuta ndiyo yanayotoa ketoni. Mtoto wa Silver-Russell ana akiba ndogo ya sukari na misuli michache, halafu ubongo wake una ukubwa wa karibu kawaida, na ubongo ndio mlaji mkubwa wa sukari. Mtoto mwingine wa umri huo anaweza kulala saa 11 bila kula na akaamka salama. Huyu wako akiba yake inaisha usiku wa manane.

Ketoni hutangulia, sukari hufuata. Ukipima sukari peke yake utaona 3.8 na kuambiwa mtoto mzima, wakati saa tatu zilizopita mwili umeshaanza kula misuli yake. Ketoni 4 kila asubuhi maana yake usiku ni mrefu kuliko chakula alichopewa. Na si hatari ya degedege tu: ketoni zenyewe huua hamu ya kula na kuleta kichefuchefu. Mtoto anakataa chai, ketoni zinapanda, anatapika, zinapanda tena. Wengi wanaosemekana kuwa "hawapendi kula asubuhi" ni hili.

Jasho la usiku na kuamka amezubaa vinaendana na picha hiyo. Pima sukari mara mbili tatu kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri, kabla hajaamka, uandike.

Namna ya kusoma stripu (vipimo ni milimoli kwa lita, kama ilivyo kwenye kichupa chako):

Ikisoma 0.5 asubuhi, mpe chai mapema na uangalie jana alikula nini. Ikisoma 1.5, apate kitu chenye sukari papo hapo, halafu chakula kamili ndani ya nusu saa. Ikisoma 4, fanya hivyo hivyo na upime kila mkojo unaofuata. Isiposhuka ndani ya saa 2 au 3, au akianza kutapika, nenda hospitali. Ikisoma 8 au zaidi, mpe sukari huku mnajiandaa kutoka.

Mkojo wa asubuhi ni mkojo wa usiku mzima, kwa hiyo unaweza kubaki na ketoni hata baada ya mtoto kula vizuri. Ndiyo maana kipimo cha pili baada ya chai ni cha lazima. Huo wa pili ndio unaokwambia hali ya sasa.

Upande wa sukari: ikiwa chini ya 3.9 na ketoni zipo, mpe sukari. Ikiwa chini ya 3.0, mpe sukari, pima tena baada ya dakika 15, na isipopanda ondoka. Ukikuta sukari iko chini ya 3.0 lakini mkojo hauna ketoni kabisa, hilo ni jambo jingine na ni zito: huenda mwili unatoa insulini (homoni inayoshusha sukari) kupita kiasi. Huyo haachwi nyumbani hata kama ameamka na anacheza.

Na kinyume chake, kwa wanaosoma hapa wakiwa na mtoto asiyejulikana ana nini: ketoni nyingi pamoja na sukari iliyo juu ni kisukari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usimpe sukari, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kwa hiyo mtoto mwenye ketoni apimwe na sukari, vyote viwili, kila mara.

---

NesiWatoto_TBR alijibu:

Tabibu amemaliza sababu, mimi niongezee vipimo vyenyewe, maana majibu mengi ya ajabu yanatokana na stripu na siyo mtoto.

Stripu za ketoni hazipendi unyevu. Kifuniko kirudishwe mara tu unapotoa moja, na kile kifuko kidogo kilichomo ndani kisitolewe. Usinunue stripu za kuhesabiwa zilizofungwa kwenye karatasi au mfuko wa nailoni, hata kama muuzaji unamwamini: rangi zimeshaharibika kabla hujafika nyumbani. Andika kwenye kichupa tarehe uliyokifungua. Aina nyingi hazifai baada ya miezi 6, hata kama tarehe ya kiwandani bado.

Chovya sekunde moja, kung'uta tone la ziada, kisha hesabu. Stripu ya ketoni pekee husomwa kwa sekunde 15. Ile yenye vipimo kumi, kisanduku cha ketoni husomwa kwa sekunde 40. Ukiiweka mezani ukarudi baada ya dakika tano, rangi hiyo haina maana. Mkojo uwe wa sasa hivi, usiokaa kwenye kopo tangu alfajiri.

Kama bado anavaa nepi ya dukani, ile jeli inafyonza kila kitu. Weka pamba safi ndani ya nepi, kisha kamulia pamba kwenye stripu.

Glukomita (mashine ya kupima sukari ya kidole) nayo: osha kidole cha mtoto kwa maji na sabuni, kikaushe, ndipo utoboe ubavuni mwa kidole. Mtoto aliyeshika embe au asali anaweza kusoma 7 wakati sukari yake ni 3. Spiriti peke yake haiondoi utamu huo vizuri. Na mashine hizi zinaweza kukosea, hasa sukari ikiwa chini. Mtoto anatoka jasho, amelegea, mashine inasema 4.0? Mpe sukari kwanza, ubishane na mashine baadaye.

---

BabaNeema alijibu:

Glukosi ya kopo kabla ya kulala ni nzuri tu dada, inampa nguvu mpaka asubuhi. Vijiko viwili kwenye maji ya uvuguvugu.

---

Lishe_Uyui alijibu:

Hapana, baba Neema, samahani. Glukosi ya unga inaingia kwenye damu ndani ya dakika chache, insulini inapanda kuifuata, na baada ya saa moja au mbili imekwisha. Ni ya kumwinua mtoto aliyeshuka. Kumpitisha usiku haiwezi, na ukimlaza na glukosi tupu unaweza kukuta sukari ya saa 6 usiku iko chini kuliko angelala bila hiyo.

Kinachompitisha mtoto usiku ni wanga unaomeng'enywa polepole, pamoja na protini. Mama Tausi, kabla hata ya wanga wa mahindi, urekebishe saa. Kutoka saa 1 na nusu jioni hadi saa 1 asubuhi ni saa 11 na nusu bila kitu tumboni. Kwa kilo 9.6 huo ni mfungo.

Mlo wa saa 1 na nusu ubaki. Ongeza mlo mdogo saa 4 usiku, mnapokwenda kulala nyie wazazi: ugali au kiazi kitamu pamoja na yai, maharage, kipande cha mgebuka au dagaa waliosagwa. Akiwa amelala fofofo, kikombe cha maziwa yaliyochanganywa na uji mzito kidogo, ameinuliwa akae, ameamka kiasi cha kumeza. Asinyweshwe amelala chali. Chai isogee saa 12. Kwa mabadiliko hayo tu pengo linabaki saa 8, na baadhi ya watoto ketoni zinashuka hadi 0.5 bila kingine chochote.

Sasa wanga wa mahindi. Ni ule unga mweupe sana, laini kama poda, unaolia ukiubana kwenye pakiti, unaouzwa supamaketi na maduka ya vifaa vya keki kwa ajili ya kuongeza uzito wa mchuzi. Ni wanga mtupu. Sembe na dona siyo. Hizo ni punje iliyosagwa, na mbichi hazifai kunyweshwa mtoto: kuna vijidudu, na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yana sumukuvu.

Unga wa muhogo ndio kabisa, na nalisema hili kwa nguvu kwa sababu tuko Kigoma ambako upo kila jikoni. Muhogo, hasa mchungu, kwa asili una kitu kinachotoa sumu ya sayanidi. Kuloweka, kuvundika na kuanika kunapunguza, lakini unga mbichi si kitu cha kumkorogea mtoto wa kilo 9 kila usiku. Muhogo uliopikwa vizuri ale pamoja na wengine, mbichi hapana.

Kwa nini usipikwe? Punje ya wanga ikiwa mbichi imefungamana, vimeng'enya vinaitafuna kidogo kidogo kwa saa 4 hadi 6. Ukiipika inavimba na kufunguka, inakuwa uji wa kawaida. Hapo ndipo wengi wanaharibu:

Maziwa ya moto yanaupika wanga ndani ya kikombe. Tumia maji au maziwa yaliyochemshwa yakapoa kabisa. Limau, chungwa na juisi za ukwaju vina asidi inayoanza kuuvunja kabla haujafika tumboni. Sukari au asali ndani yake inaamsha insulini na kufupisha kazi yake. Kukoroga mapema na kuacha mezani: unatuama chini kama saruji, mtoto anakunywa maji ya juu na dozi inabaki kikombeni. Koroga, mpe, suuza kikombe kwa maji kidogo, mpe na hayo.

Kiasi: kwa watoto hawa huanzia gramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mara moja, wakati wa kulala. Kwa binti yako ni takriban gramu 10. Kijiko cha chakula kisicho na kilima hubeba kama gramu 8, lakini mizani ya jikoni inasema kweli zaidi. Usianze na zote. Anza na gramu 2 au 3, panda kidogo kila baada ya siku mbili tatu mpaka ufike, la sivyo atapata gesi, tumbo kuuma na kuhara. Mililita 40 hadi 50 za maji zinatosha. Asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kongosho lake halijakomaa kuumeng'enya. Dozi ya mwisho ipangwe na daktari wake, na uzito ukibadilika dozi inabadilika.

Usimpe mchana kwa ajili ya kumshibisha. Utamwondolea hata ile hamu ndogo aliyonayo.

Jambo moja la upande wa pili. Watoto wa Silver-Russell ni wembamba kwa maumbile yao. Lengo la haya yote ni kuondoa ketoni, siyo kumnenepesha. Kunenepa haraka kwa watoto hawa kunaleta matatizo ya insulini na kubalehe mapema huko mbele, na kubalehe mapema kunakata urefu. Bibi na mashangazi watasema mtoto hali, wataongeza mafuta ya mawese na siagi. Waelezeni kwa upole, lakini msiyumbe.

---

MamaTausi_Ujiji aliandika:

Nashukuru sana, sikujua kama sembe na wanga ni vitu viwili. Hata hivyo kliniki wakimpima mkono kwa ule utepe inaangukia rangi nyekundu, naambiwa nina mtoto wa utapiamlo na simlishi. Nisemeje? Na lile swali la kutapika bado.

---

Tabibu_Kasulu alijibu:

Utepe unafanya kazi yake. Chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ni nyekundu, na mhudumu anapaswa kushtuka. Usigombane naye. Mwonyeshe barua ya Muhimbili, na muombe aangalie vitu ambavyo Silver-Russell haivielezi: miguu kuvimba, uzito kushuka kutoka mwezi uliopita, kuhara kusikoisha, kikohozi. Hivyo vikiwepo atibiwe kama mtoto mwingine yeyote, hata wenye sindromu hupata utapiamlo na kifua kikuu. Visipokuwepo, alinganishwe na mstari wake mwenyewe kwenye kadi, mwezi kwa mwezi. Hali hii ilielezwa na Silver mwaka 1953 na Russell mwaka 1954. Wengi wa waliothibitishwa kwa vinasaba mabadiliko yao yako kwenye kromosomu ya 11 au ya 7. Mtoto amezaliwa nayo. Hakuna ulichokosa kumlisha, dada.

Kutapika, kwa mpangilio:

Pima sukari na ketoni kabla ya kumpa chochote, isipokuwa amezidiwa. Changanya vijiko vya chai 4 vya sukari visivyo na kilima kwenye kikombe cha mililita 200 za maji safi. Hayo ni maji ya sukari ya asilimia 10. Mpe kijiko kimoja cha chai kila dakika 2 au 3, kwa kuangalia saa, hata kama anaomba zaidi. Tumbo lenye ketoni likipewa kikombe kizima linarudisha kikombe kizima. Kwa mwendo huo anapata mililita 100 na ushee kwa saa moja. Soda ya kawaida iliyotolewa gesi ina sukari ya kiasi kama hicho. Ile isiyo na sukari haina msaada wowote, soma chupa.

Kama anaharisha pia, ORS ni lazima, ila ORS haitoshi kwa ketoni. Lita nzima ina glukosi gramu 13.5 tu, kikombe cha mililita 200 hakifiki gramu 3. Toa ORS kwa ajili ya maji na chumvi, na katikati yake toa maji ya sukari, uji, maziwa. Usimwage sukari ndani ya ORS yenyewe, utaongeza kuhara.

Ondoka kwenda hospitali ikiwa: ametapika kila kitu kwa saa 2, ketoni ni 4 na hazishuki au ni 8, sukari iko chini ya 3.0 na haijapanda ndani ya dakika 15, anapumua kwa nguvu na haraka, haamki vizuri, au ana homa. Homa kwa Kigoma ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Malaria peke yake hushusha sukari, na dawa yake ya kwinini huishusha zaidi. Kwa mtoto huyu vyote viwili juu ya akiba ndogo ni hatari ya saa chache.

Akipata degedege au akizimia: mlaze ubavu, usimimine kitu chochote cha maji mdomoni. Chukua kijiko cha chai cha sukari, ilowanishe kwa matone mawili ya maji, iweke chini ya ulimi. Rudia kila dakika 20 au mapema zaidi akiimeza. Asali yetu ya Tabora pia inafaa kupakwa ndani ya shavu, kwa aliyevuka mwaka mmoja. Mkifanya hayo mko njiani tayari, hamsubiri aamke ndipo mtafute usafiri.

Uliyeko mwambao wa ziwa, Buhingu au Kalya, ambako boti haliondoki kila saa: hatua zote zisogeze mbele. Usisubiri 8. Ketoni 4 na kutapika mara ya pili, tafuta boti.

---

NesiWatoto_TBR alijibu:

Hii ni ya kuandikwa kwenye karatasi na kukaa kwenye mkoba wa kadi, kwa sababu usiku wodini utakutana na mtu ambaye hajawahi kuona hali hii. Akiona mkojo una ketoni +++ anaweza kufikiria kisukari, au atundike dripu ya Ringer aseme ni kupungukiwa maji.

Ringer na saline (dripu za maji na chumvi) hazina glukosi hata chembe. Mtoto anaweza kulala na dripu mkononi usiku kucha, sukari inashuka. Dripu ya glukosi ya asilimia 5 nayo ni nyepesi. Hesabu yake hii hapa: mtoto wa kilo 10 huwekewa kama mililita 1000 kwa siku. Kwa asilimia 5 anapata gramu 50, sawa na miligramu 3.5 kwa kilo kwa dakika. Kwa asilimia 10 anapata gramu 100, karibu miligramu 7. Mtoto mdogo anahitaji kama 5 hadi 7. Kwa hiyo aombewe asilimia 10, yenye chumvi ndani yake.

Vituo vingi havina chupa ya asilimia 10 iliyo tayari, ila vina ya asilimia 50 na vina DNS (dripu ya glukosi asilimia 5 iliyo kwenye saline). Toa mililita 50 kutoka kwenye DNS ya mililita 500, rudishia mililita 50 za glukosi ya asilimia 50. Unapata asilimia 9.5 na chumvi karibu ile ile. Kwa dozi ya kumwinua aliyeshuka: mililita 5 za asilimia 10 kwa kila kilo, polepole kwenye mshipa. Mililita 10 za asilimia 50 ukiongeza 40 za maji ya sindano unapata 50 za asilimia 10. Asilimia 50 isisukumwe kama ilivyo kwa mtoto, inaunguza mshipa na kupandisha sukari ghafla kisha kuiangusha.

Sindano ya glukagoni haisaidii sana hapa. Kazi yake ni kuliambia ini litoe akiba, na ini limeshaishiwa.

Ikiwezekana, damu ichukuliwe kabla ya sukari kuingia, wakati mtoto yuko chini: glukosi, insulini, kotisoli, homoni ya ukuaji, na mkojo wa kwanza. Sampuli hiyo moja inasema kama kuna upungufu wa homoni juu ya Silver-Russell. Mwenye upungufu wa kotisoli (homoni inayosaidia mwili wakati wa ugonjwa) anahitaji dawa ya haidrokotisoni, na akiugua dozi inaongezwa, sukari peke yake haitamtosha. Ila mshipa ukigoma, usimcheleweshee mtoto sukari kwa ajili ya sampuli.

Asiruhusiwe kurudi nyumbani mpaka amekula, dripu imetolewa, na mkojo uliofuata hauna ketoni bila dripu.

Hivyo hivyo kwa operesheni, kung'oa jino, na kwa wavulana tohara. Agizo la "asile kuanzia usiku" halimfai. Awe wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi, na dripu ya glukosi ianze pale anapoacha kula. Mwambieni mtu wa usingizi siku moja kabla. Asubuhi ile hakuna atakayewasikiliza.

---

MamaTausi_Ujiji aliandika:

Nimenakili yote kwenye daftari lake. Wiki mbili zijazo tuna safari ya treni, Kigoma hadi Dar, kurudi kliniki. Anakula kidogo sana njiani. Nibebe nini?

---

Lishe_Uyui alijibu:

Usibebe kitu kipya asichokijua, safari siyo siku ya kujaribu vyakula. Mayai ya kuchemsha yasiyomenywa (yaliwe siku hiyo hiyo), viazi vitamu vilivyochemshwa au michembe kama ameizoea, ndizi mbivu, biskuti, karanga zilizosagwa zikawa laini, maziwa ya unga na chupa ya chai ya maji ya moto. Maziwa ya kwenye boksi ambayo hayajafunguliwa yanavumilia joto la behewa, ya kuchemsha hayavumilii. Wanga wake upime nyumbani gramu kumi kumi kwenye vifuko, andika juu yake ni nini, na ubebe vya usiku mmoja zaidi ya mnavyotarajia, treni huchelewa.

Mpe kila baada ya saa 3 kwa saa ya simu, siyo kwa njaa. Stripu na glukomita zikae kwenye mkoba wa mkononi, mbali na dirisha la jua, zisiingie kwenye begi la chini. Na robo kilo ya sukari, kijiko na kikombe chenye alama ya mililita 200, vyote kwenye mfuko mmoja ambao hata baba yake anajua ulipo.

---

NesiWatoto_TBR alijibu:

Barua ya hospitali ipige picha pia, itume kwenye simu ya kila mtu mnayesafiri naye. Mkifika Tabora na ketoni ni 4 na hataki kula, shukeni, hospitali ya Kitete haiko mbali na stesheni. Tiketi itapatikana nyingine.